Ndoa Yangu Bado Inasomwa Barzani

Bunia, quartier Bigo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025.
Asubuhi: ukungu mpaka saa moja na nusu, kisha manyunyu. Jua lilitoka saa nne, likarudi ndani.

Kwa Wabunge wote wa Uingereza, London.

Kuhusu: Malalamiko juu ya demokrasia yenu, ambayo inakaa kwenye barza ya mama yangu tangu mwezi wa tisa wa mwaka jana.

Waheshimiwa Wazee wangu,

Nawasalimu kwa heshima, ninyi wa viti vya mbele na ninyi wa viti vya nyuma pia. Mimi naitwa Angélique Vahwere, mwalimu wa mwaka wa tatu katika shule ya msingi, umri miaka thelathini na mmoja. Kila siku ninaandika daftari langu mwenyewe, na tarehe zote mtakazosoma hapa zimetoka humo. Familia yetu ni ya Butembo. Tulihamia Bunia nikiwa mtoto. Tunakaa Bigo, katika nyumba ya mama yangu Bernadette, yenye mabati ya kijani na barza pana.

Kama kwenu hakuna barza, ni ile sehemu ya mbele ya nyumba iliyo chini ya paa lakini nje ya ukuta. Ndipo tunapopokea wageni, tunachambua maharagwe na kuangalia nani anapita na nani. Barza yetu ina milango miwili. Naomba mkumbuke hiyo milango.

Mwezi wa nane wa mwaka 2024, baba yangu mkubwa Tharcisse alialikwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu demokrasia ya Uingereza. Baba yangu alifariki zamani, kwa hiyo Baba mkubwa ndiye mkubwa wa familia. Alirudi na kofia, kalamu, na kitabu cha kurasa arobaini kilichotoka Kiingereza kikaingia Kifaransa, kisha mtu akakitoa Kifaransa akakileta kwa Kiswahili. Ukurasa wa tisa unasema hivi: "Katika Uingereza raia ana haki ya kuingia barzani na kuwaomba wabunge wake. Hiyo inaitwa kazi ya barza. Na wabunge wenyewe, wakitaka kuamua jambo, wanatembea barzani."

Baba mkubwa alisoma mara mbili, akavua miwani, akatuambia: "Muone! Bazungu banaamua bintu yao ku barza. Na siye tulikuwa tunafichama mu salon."

Baadaye nilimuuliza mwalimu mwenzangu anayejua Kiingereza. Aliniambia neno lile lilikuwa la ukumbi wa kupitia, yaani korido. Katika familia yetu mwenye korido ni mjomba Gérard, kaka ya mama. Mfasiri angeandika "korido", Bunge lingekaa kwa mjomba Gérard, na mimi leo ningekuwa mke wa mtu. Neno moja tu, Waheshimiwa.

Huyo mtu anaitwa Espoir. Analeta viazi kutoka Kpandroma mpaka Bunia kwa lori, na ubaya wa njia ile mnaweza kuuliza. Tarehe 14 Septemba 2024 wazee wake walifika kwetu na barua ya kuniomba, wakiongozwa na msemaji wao Mzee Jean-Claude, wakiwa na mbuzi watatu. Kwa desturi tungewapa viti na bugali, wakubwa wangeongea, na baada ya mwezi mmoja jibu lingekwenda Kpandroma. Kilichotokea badala yake ndicho ninachowalalamikia, kwa nambari.

1. Kitabu kinasema kila hoja isomwe mara tatu, na mara ya kwanza kinasomwa kichwa chake tu. Mzee Jean-Claude alikuwa na matope mpaka magotini. Alikaa, akafungua barua, akasoma: "Ombi la kumuoa binti yenu." Baba mkubwa akapaza sauti: "Ordre! Imesomwa. Asanteni, murudi kwenu." Wale wazee walirudi Kpandroma siku hiyohiyo, safari ya siku nzima, kwa maneno matano. Mbuzi walibaki, kwa kuwa kitabu hakikusema kitu juu ya mbuzi. Walifungwa kwenye nguzo ya barza, na mpaka leo wako hapo.

2. Familia iligawanywa pande mbili. Kwenu kati ya pande mbili mmeacha nafasi ya panga mbili ndefu. Katika jimbo letu hakuna aliyetaka kupima kitu kwa panga, tukapima kwa mifagio miwili. Mama yangu anaongoza serikali, inayotaka niolewe. Upinzani unaongozwa na tantine Suzanne, dada ya marehemu baba yangu. Tantine ndiye aliyenionyesha Espoir siku ya kwanza, sokoni, akaniambia angalia kijana huyu jinsi anavyopima bila kuegemea mizani. Lakini alipewa upinzani, na kitabu kinasema kazi ya upinzani ni kupinga. Nilipomwendea nikalia mbele yake, alilia pamoja na mimi, akasema: "Mutoto yangu, huyu kijana minamupenda sana. Lakini siye tuko opposition. Tukimukubali, watu watasema tumekula."

Tena upinzani una serikali yake ya kivuli. Mama akipika, kuna mama mwingine amesimama nyuma yake bila kushika kitu, anatikisa kichwa na kusema yeye angeweka chumvi baadaye.

3. Sasa ile milango. Ninyi mnapiga kura kwa miguu: wa Ndiyo wanapita kulia kwa Spika, wa Hapana wanapita kushoto. Kwetu mlango wa kulia unaingia salon, yaani sebuleni. Mlango wa kushoto unaingia jikoni.

Nadhani mmeshaelewa. Kura ya kwanza, tarehe 26 Oktoba 2024, ilipigwa saa saba mchana, sombe, yale majani ya muhogo, ikiwa juu ya moto. Hapana walikuwa kumi na tisa. Watu hawa hawanichukii, walifuata harufu. Mama yangu mwenyewe alihesabiwa kati ya hao kumi na tisa kwa sababu alikwenda kugeuza chungu. Mara ya pili niliamka mapema nikahamishia chungu salon. Nikashtakiwa kwa kufanya kazi ya barza bila kuandikishwa, na kura ikafutwa.

4. Kengele. Kwenu inalia dakika nane, kisha milango inafungwa. Sisi tulitundika jante ya lori, ile ringi ya chuma ya gurudumu, sawa na ile ya shule yetu, na inagongwa kwa chuma. Sauti ni moja. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024 wanafunzi wangu kumi na wanne walikuja mbio mpaka shuleni na mifuko yao, wakanisubiri kwenye jua mpaka saa tano. Wazazi wao walikuja kunilaumu. Niliwaambia ni Uingereza. Hawakuniamini.

5. Kitabu kinasema kila upande uwe na Mkuu wa Fimbo, wa kuhakikisha watu wake wanapiga kura inavyotakiwa. Koko Débora, bibi yetu mwenye miaka themanini na saba, aliposikia hivyo aliuliza kama Wabelgiji wamerudi. Tulimweleza kwamba kwenu fimbo hiyo ni karatasi tu yenye mistari mitatu chini ya maneno. Akasema na wao walianza na karatasi.

Mkuu wa Fimbo wa serikali ni mjomba Gérard. Alichukua rula yangu ya mbao ya mita moja, ile ya ubaoni. Tangu Januari ninafundisha mistari minyoofu kwa kutumia kamba ya kuanikia nguo.

6. Koko Débora yeye ndiye Bunge la juu. Hakuchaguliwa na mtu na hawezi kuondolewa, lakini hilo lilikuwa hivyo hata kabla ya kitabu. Hana ruhusa ya kukataa hoja, ana ruhusa ya kuichelewesha mwaka mmoja na kuirudisha na masahihisho. Mpaka sasa ameirudisha mara mbili. Mara ya kwanza alitaka neno "mume" lifafanuliwe. Mara ya pili alisema ufafanuzi ule unaruhusu watu wengi mno.

7. Ukurasa wa ishirini na mbili unasema kwamba siku ya Ijumaa mbunge anarudi kwake na kuwafanyia wapiga kura wake upasuaji. Baba mkubwa hakutaka. Ni mtu mwoga wa damu, hata kuku anamwachia mtu mwingine. Lakini alisema demokrasia haichaguliwi vipande, akatangaza Ijumaa tarehe 7 Februari. Jirani yetu Mzee Mbuyi, mwenye uvimbe shingoni tangu zamani, alifika saa mbili asubuhi, hajala tangu jana yake, ameshika shuka safi. Baba mkubwa alinawa mikono mara tatu. Mama alikuwa ameficha wembe. Basi, kwa kukosa wembe, walikaa barzani wakaongea juu ya mtaro unaoingiza maji ya mvua kwa Mzee Mbuyi. Baba mkubwa aliandika kila kitu. Mzee Mbuyi alirudi kwake akisema amepata nafuu, na sasa kila Ijumaa wanakuja wagonjwa saba au wanane. Sijui kwenu inakwendaje, lakini barza inajaa na mimi ninasahihishia madaftari ya wanafunzi kwenye ngazi.

8. Siku ya Ijumaa ina sheria nyingine pia: hoja ambayo haijamalizika saa nane na nusu inakufa. Tarehe 28 Machi hoja yangu ilifika saa saba. Tantine Suzanne alisimama kuchangia. Alieleza namna ya kukausha fretin, wale samaki wadogo wa ziwa, kuanzia kuwaosha. Saa nane alikuwa bado hajawaanika. Mjomba Gérard akamlilia: "Suzanne, maliza basi, weye!" Akajibu: "Samaki ukimuharakisha anaoza." Saa nane na nusu jante iligongwa, nikafa. Ilibidi Mzee Jean-Claude arudi tena kutoka Kpandroma kuja kusoma kichwa cha barua.

9. Mtu anayetaka kitu kwa mbunge anaruhusiwa kuja kumwomba barzani, mradi aandikwe: amemwona nani, amemletea nini. Daftari hilo linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Nimelisoma lote. Espoir amekuja mara thelathini na nne. Baba mkubwa alipata gunia la viazi. Mjomba Gérard alipata nusu gunia, akaandika kwamba ni mbegu, na yeye hana shamba. Tantine Suzanne alipata kabichi sita; alizila na bado akapinga, akasema: "Mi hapana mutu ya kuuza shingo yangu juu ya kabichi." Hata mama ya kivuli alipata karoti. Mimi nilitafuta jina langu katika daftari lile kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Halimo.

Espoir hana kosa. Alikuwa anafuata utaratibu. Alipoambiwa kwamba kwenu sahihi laki moja zinalazimisha Bunge kufikiria kujadili jambo, na kwamba sisi tumegawanya kwa elfu kwa sababu ya uchache wetu, alikwenda Iga Barrière, mahali malori yanaposimama, akarudi na sahihi mia moja na nne. Ni za madereva, wapakiaji na mama mmoja wa chai. Mmoja ameandika: "Huyu dada simujui, lakini aolewe." Baraza la familia lilifikiria kujadili kwa wiki mbili. Walipomaliza kufikiria, hawakujadili.

10. Nafika kwenye mbuzi, na hapa naomba mnivumilie.

Jumamosi iliyopita, tarehe 8 Novemba, ilikuwa kusomwa kwa tatu, mara ya mwisho. Wabunge wote ishirini na wawili walikuwepo, bila kumhesabu Baba mkubwa ambaye ni Spika. Mama alikuwa amezima moto tangu asubuhi ili jikoni kusinukie kitu. Mzee Jean-Claude na wenzake walikaa kwenye benchi la wageni, wamevaa makoti. Jante iligongwa. Watu walianza kutembea, na nikaona wazi wanagawanyika vizuri. Kwenye mlango wa kulia alisimama jirani yetu Fifi, ambaye si wa ukoo, kwa hiyo ndiye anayehesabu. Anahesabu kwa kugusa vichwa, na siku hiyo alikuwa anaongea na mtu nyuma yake.

Akatangaza: Ndiyo kumi na wawili, Hapana kumi na mmoja.

Mama alipiga vigelegele. Mzee Jean-Claude alisimama akavua kofia. Mimi nilikuwa dirishani, na naandika hapa jambo ambalo sikuliandika hata katika daftari langu: nilikaa chini juu ya kapu la mkaa.

Ndipo tantine Suzanne akapaza sauti: "Hata siku moja! Siye tuko batu makumi mbili na mbili. Huyu wa makumi mbili na tatu iko nani?"

Watu wakahesabiana. Kisha mbuzi wa kahawia akatoka salon, akiburuta kamba yake, na ua la plastiki mdomoni.

Mjadala ulichukua saa mbili. Mjomba Gérard alisema kitabu hakimkatazi mbuzi mahali popote, na kwamba mbuzi huyu amekaa barzani miezi kumi na minne, amehudhuria vikao vingi kuliko yeye. Tantine alisema mbuzi hana akili ya kupiga kura. Sauti moja kutoka nyuma ikamwambia asianze kuchunguza hilo, tutabaki wachache. Baba mkubwa alifungua kitabu, akasoma kwa muda mrefu, kisha akatoa uamuzi. Kura ya mbuzi imefutwa, na siyo kwa sababu ni mbuzi. Imefutwa kwa sababu yeye ni sehemu ya mahari, kwa hiyo ana maslahi yake katika hoja hii, na hakuyatangaza kabla.

Ikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Kura zikilingana, kinasema kitabu chenu, Spika anapiga kura yake upande wa kuendeleza mazungumzo. Baba mkubwa akaendeleza mazungumzo.

Mzee Jean-Claude alirudisha kofia kichwani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema: "Siye tunawaheshimu. Jumapili tarehe saba ya mwezi wa kumi na mbili tutarudi. Kama hakuna jibu, tunafungua kamba." Kwetu wazee wakifungua kamba ya mbuzi wao, wanaondoka nao, na hawarudi tena kwenye nyumba hiyo. Zimebaki siku ishirini na mbili.

11. La mwisho ni fupi. Jioni ya siku ileile nilimwendea Baba mkubwa, nikapiga goti, nikamwambia: Baba, imepungua kura moja tu, nipeni mimi nipige. Aliniangalia kwa upole. Akasema mbunge ni mtu mwenye jiko lake, na mimi bado ninapika kwenye jiko la mama. Nikiolewa nitakuwa na jiko langu, na nitapata kura. Lakini ili niolewe inahitajika kura moja. Nilimwonyesha kwamba jambo hili linazunguka. Akafikiri, akasema: "Angélique, weye ndiye hoja. Hoja haipige kura."

Nilirudi ndani nikaandika maneno hayo, na tarehe yake.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, kwa kuwa fundi akikuuzia mlango usiofunga unamrudia fundi na siyo mbao, ninaomba mambo matatu.

Kwanza, mtume barua ya kusahihisha ukurasa wa tisa: pale paliposema "barza" pasomwe "korido". Bunge lihamie kwa mjomba Gérard kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na jante.

Pili, mnipangie mbunge. Nimeambiwa kwamba kwenu mbunge hajibu barua ya mtu asiye wa sehemu yake. Basi muiunganishe Bigo na sehemu yoyote iliyo na mvua kama yetu. Nitampokea yeyote, hata wa viti vya nyuma, hata wa upinzani, mradi asiwe mtu wa kabichi. Akija siku ya Ijumaa aache visu kwao.

Tatu, na hili ndilo ombi lenyewe: mnipigie kura ninyi. Nimefikiri sana. Watu wetu hawawezi kuamua kwa sababu wananipenda, wana njaa, au wamepewa viazi. Ninyi hamnijui, mko mia sita na hamsini, na viazi vya Kpandroma vitaoza kabla ya kuwafikia. Hakuna kura safi kuliko hiyo. Gongeni kengele yenu, tembeeni, na milango ifungwe baada ya dakika nane. Hoja ni hii: "Kwamba Angélique Vahwere wa Bigo aolewe na Espoir wa Kpandroma." Msisome kichwa tu. Nahitaji matokeo Bunia kabla ya Jumamosi tarehe 6 Desemba, ili Baba mkubwa apate usiku mmoja wa kuyazoea. Kama jikoni kwenu kuko karibu na mlango mmojawapo, tafadhali siku hiyo pikeni mapema.

Namalizia hapo, nikiwa na matumaini kwamba mwandiko huu hautakuwa umewachosha. Mnisalimie wake na waume zenu, watoto wenu walioko shuleni, Bunge lenu la juu na usingizi wake, wanaofagia barza yenu, na Spika, ambaye koo lake namwombea. Mama anawasalimu. Koko Débora anauliza kama malkia amepumzika vizuri, tumemwambia ndiyo.

Mimi mtumishi wenu, ambaye hata hivyo sijawapigia kura,

Angélique Vahwere
nyumba ya mabati ya kijani, quartier Bigo, Bunia

Nyongeza. Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025. Asubuhi: jua kali tangu saa moja, upepo kidogo.

Barua hii ilichelewa kuondoka. Kulingana na kitabu, karatasi inayotoka barzani lazima isomwe kwanza na Spika, na Baba mkubwa aliisoma Jumapili mbele ya watu wote. Alisahihisha nukta tatu. Alipofika nambari ya kumi na moja aliisoma mara mbili, akavua miwani. Tantine Suzanne alijifuta macho kwa kitenge, kisha akasema barua hii ikifika London tutaaibika mpaka kizazi cha tatu. Palepale nikapewa kura. Ishirini na wawili walipita mlango mmoja, wa salon, na bawaba ya juu imeng'oka. Kura ya hoja yangu itapigwa upya tarehe 6 Desemba. Ni kumi na moja kwa kumi na moja, na mimi.

Tangu hapo imekuwa wiki ya ajabu. Jumatatu mjomba Gérard alinirudishia rula yangu, ameipiga varnishi. Jumanne tantine aliniletea fretin, waliokauka vizuri sana. Jumatano Baba mkubwa alitaka kujua nina maoni gani juu ya mtaro wa Mzee Mbuyi, na aliandika nilichosema. Koko Débora ameniita niketi kitandani kwake, akaniambia tuyaache yale masahihisho.

Alhamisi alikuja Espoir. Hakwenda kwa mtu mwingine. Alijiandika katika daftari la msumari, na kwenye nafasi ya "amemwona nani" aliandika jina langu lote, bila kosa. Kwenye "amemletea nini" hakuandika kitu. Alikaa kwenye benchi la wageni, akashika kofia kwa mikono miwili, akaniuliza: "Angélique, na weye mwenyewe, unataka?"

Nimepekua daftari langu la miezi kumi na minne. Mtu hajawahi kuniuliza hivyo.

Nilimjibu kwamba ombi lake limepokelewa na kwamba kwa sasa limesomwa kichwa tu. Atarudi Jumanne kwa kusomwa kwa pili.

Kwa sababu hiyo, Waheshimiwa, tafadhali msipige ile kura. Kama kengele imeshalia, kaeni mlipo. Msisahihishe ukurasa wa tisa, barza ibaki barza; Bigo ibaki Bigo. Badala yake naomba mnitumie ukurasa wa thelathini na tisa, ambao kwenye kitabu chetu umechanika. Nadhani ndipo panapoelezwa ni kwa muda gani mtu anaweza kukaa na kura yake kabla ya kuitumia. Nina mpaka tarehe 6 na sitaki kupoteza hata siku moja.

Jibu langu nimeshaliandika katika daftari langu mwenyewe, na hilo halisomwi barzani. Jioni hii nilitoka nikaangalia mbuzi, wote watatu, nikawaongezea kila mmoja fundo moja kwenye kamba.

Ninalala saa tano na dakika arobaini.